Mvuvi Asiyeona katika Ziwa Mweru

Bonde la Luapula, kaskazini mwa Zambia, lilipata kujulikana kwa jambo ambalo hakuna mwenyeji wake anayejivunia. Katika miaka ya 1950 na 1960, madaktari waliopita katika vijiji vya huku waliandika habari za watoto wengi mno waliopofuka kabla hata ya umri wa kwenda shule. Sababu moja ilikuwa surua. Ya pili ilikuwa upungufu wa vitamini A katika chakula. Na ya tatu ilikuwa dawa kali za majani zilizokamuliwa katika macho ya mtoto aliyekwisha kudhoofishwa na surua hiyo hiyo. Mama anayesoma ukurasa huu na ayashike hayo: chanjo ya surua, maini, mapapai yaliyoiva, mboga za majani na mafuta mekundu ya mawese ni walinzi wa macho ya mwanawe. Lakini leo sikukusudia kuandika juu ya kinga. Nimekusudia kuandika juu ya wale ambao macho yao yamekwisha kwenda, nao wanaishi kando ya ziwa linalomlisha kila mtu mwingine.

Ziwa Mweru lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na mpaka wa Zambia na Kongo hupita ndani yake. Kusini, mahali mto Luapula unapoingia, maji ni ya kina kifupi. Kaskazini kina huongezeka, mpaka Pweto ambako maji hutoka na kuitwa mto Luvua. Hapa Nchelenge, na hasa penye soko la samaki la Kashikishi, mtoto hushika kafi kabla ya kushika kalamu. Usiku usio na mwezi taa za wavuvi wa dagaa, ambao huku huitwa chisense, humeremeta majini kama mji. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wapate kuzaana, na katika miezi hiyo mitatu wanaume wa ufukoni hutembea kama watu walio matangani. Katika nchi ya namna hii, mtu asiyeweza kwenda ziwani hahesabiwi. Hupewa chakula, hupewa kivuli, hupewa pole, lakini hahesabiwi.

Mimi ni mtumishi wa serikali katika kazi za maendeleo ya jamii. Cheti changu ni cha ualimu, na nilishika chaki miaka michache kabla ya kuhamishiwa ofisini. Mama yangu ni mzaliwa wa Kasanga, ng'ambo ya Tanzania, ndiyo sababu Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu. Basi mwaka 2017, wakimbizi kutoka Pweto, Moba na sehemu nyingine za Kongo walipovuka kwa maelfu na kupokewa katika kituo cha Kenani, Kiswahili hicho kilinipeleka huko kuwa mkalimani, mwandishi wa orodha na msikilizaji wa mashauri.

Hapo Kenani nilimkuta mzee mmoja akiwa ameketi mbele ya hema, akitengeneza nyavu. Vidole vyake vilikwenda upesi kuliko vya kijana mwenye macho. Alikuwa amevua samaki upande wa Pweto kwa muda wa miaka thelathini, kisha macho yakaanza kufa kutoka pembeni kuelekea katikati, hata akawa kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na mwisho bomba nalo likaziba. Daktari wa macho alimwambia kuwa ule haukuwa mtoto wa jicho, ambao hupasuliwa na mgonjwa akaona tena, bali ni shinikizo la maji ndani ya jicho, nalo likisha kuua mshipa wa kuonea, hakuna kisu kiwezacho kuufufua. (Msomaji aliyefika miaka arobaini na apimwe macho. Ugonjwa huu hauumi, na likikamatwa mapema shinikizo hilo huweza kuzuiwa.)

Nyavu alizozitengeneza zililetwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye alioa upande wetu miaka mingi kabla ya vita na ana mtumbwi wake mwenyewe. Jambo hilo si la ajabu: Wabwile na Washila wako pande zote mbili za ziwa, na ukoo haukuwahi kuulizwa wakati mpaka ulipochorwa.

"Mwalimu," mzee aliniuliza, "wavu huu ninaoutengeneza, atautupa nani?"

"Shemeji yako, Baba."

"Basi mimi ni sindano," akasema, akaendelea kufuma.

Kiswahili chake kilikuwa cha Katanga, nami ninakiandika hapa kwa Kiswahili cha shule. Wapo pia wasiopenda neno "kipofu" wakataka tuseme "asiyeona". Mzee mwenyewe alijiita kipofu bila haya, kwa hiyo nitayatumia yote mawili.

Neno lile la sindano halikuniacha. Nilikwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kuuliza kama kuna utaratibu wowote wa kumrudisha mvuvi asiyeona katika kazi yake. Mkuu wa pale alicheka kwa wema kabisa, akaniambia kuwa kipofu ni mtu wa kupewa blanketi. Mke wa mzee naye alinikabili bila kicheko. "Mwalimu," aliniambia, "ziwa hili limekwisha kumla kaka yangu mwenye macho mawili. Wewe unataka lile na mume wangu asiye na hata moja?" Sikumjibu, kwa maana alikuwa na haki ya kuuliza. Mtu asiyepata kufiwa majini asiwe mwepesi wa kumwita mwanamke huyo mwoga.

Nilichofanya ni kusoma, ikiwa ni mazoea ya walimu. Nikaona kwamba swali letu limekwisha kujibiwa zamani, na waliolijibu kwanza walikuwa askari.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1915, mwenye magazeti mmoja wa Uingereza, Arthur Pearson, aliyekuwa amepofuka kwa shinikizo la macho kama mzee wetu, alifungua mjini London nyumba ya askari waliopoteza macho vitani. Nyumba hiyo iliitwa St Dunstan's, nayo ilikuwa katika bustani ya Regent's Park, yenye ziwa dogo. Askari walifundishwa kusoma kwa nukta nundu, kupiga taipu, kusuka vikapu, kufuga kuku. Pamoja na hayo waliwekwa katika mashua, wakapewa makasia, wakaambiwa wavute, na mwenye macho akashika usukani. Walishindana mbio. Hebu fikirini: vijana ambao miezi michache nyuma walilala hospitalini wakitamani kufa, sasa wanagombana juu ya nani aliyevuta vizuri zaidi.

Ninyi wasomaji mlio katika jeshi na polisi mnalijua jambo hili kuliko mimi. Bomu la ardhini, risasi, kipande cha chuma, hata ugonjwa wa kawaida wa sukari, huweza kumnyang'anya askari macho ilhali mikono, kifua na akili vimebaki vizima. Tunampa saluti na kiti barazani. Laiti tungempa na kasia.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 1983 Mmarekani asiyeona aitwaye Hank Dekker aliendesha mashua ya tanga peke yake kutoka San Francisco hadi visiwa vya Hawaii, akiisoma dira kwa vidole. Nchini Italia, tangu miaka ya 1990, wasioona huendesha mashua za tanga katika ziwa Garda bila mwenye macho ndani, wakiongozwa na maboya yanayotoa sauti. Na mwaka 2019 Mjapani Mitsuhiro Iwamoto, aliyepofuka akiwa na umri wa miaka kumi na sita, alivuka bahari ya Pasifiki bila kutia nanga njiani, kutoka Marekani hadi Japani, mwendo wa kilomita kama 14,000. Alikuwa amejaribu mwaka 2013, mashua ikagongwa na nyangumi ikazama, akaokolewa. Safari ya pili mwenzake, Doug Smith, alikuwa mwenye macho lakini si baharia mzoefu. Hapo pana jambo la kutafakari: mwenye macho alisema anachokiona, na asiyeona ndiye aliyejua la kufanya.

Sisi hatukuwa na mashua ya tanga wala boya la sauti. Tulikuwa na mtumbwi wa mbao, kamba, madumu matupu na miezi mitatu ya marufuku. Marufuku hiyo ndiyo iliyotufaa. Kuanzia Desemba 2017 mtumbwi wa shemeji ulilala mchangani kama mitumbwi mingine, na mzee, kwa kibali cha maandishi cha kutoka kituoni, aliletwa ufukoni mara mbili kwa juma. Tukafanya shule ndani ya chombo kilichokaa pakavu. Wapita njia walicheka sana kumwona mtu mzima akipiga kafi katika mchanga, na watoto walimwimbia. Mzee aliwauliza kama shule yao wao hufanywa ndani ya maji.

Kanuni ya kwanza aliitunga mwenyewe: kila kitu kina mahali pake, na atakayekihamisha hali samaki siku hiyo. Kisu kilifungwa kwa kamba fupi ubavuni kulia, ndani ya ala. Kopo la chambo lilikaa kushoto. Ndoana zote zilichomekwa katika gunzi la mahindi, zikitazama upande mmoja, ili mkono uzikute kwenye shingo na si kwenye ncha. Kopo la kuchotea maji liliwekwa nyuma ya kisigino chake. Rungu dogo la kumpigia samaki lilikuwa chini ya ubao wa kukalia.

Kutokana na mpangilio huo yakazaliwa maneno ya usukani. Tulianza na "kulia" na "kushoto", lakini maneno hayo huchanganya watu wanapoelekeana, na katika hofu huchanganya zaidi. Mzee akasema, "Kisu kiko upande mmoja siku zote." Tangu hapo shemeji, aliyekaa tezi, alipaza sauti "Kisu!" maana yake omo iende kulia, na "Chambo!" maana yake iende kushoto. Filimbi moja ilikuwa kusimama, mbili kurudi nyuma, tatu hatari, lala chini.

Kisha tukatengeneza mshipi. Kila pima moja fundo moja, na kila pima ya tano mafundo mawili pamoja, hata mkono ukihesabu mafundo unajua kina. Chini ya jiwe la kuzamishia mzee alipaka sabuni ya kufulia, iliyolainishwa kwa maji. Jiwe likipanda na punje za mchanga, alijua yuko wapi; likipanda na tope jeusi, alijua yuko kwingine. Mabaharia wa zamani walifanya hivyo kwa mafuta ya mnyama kabla ya vyombo vya kisasa, na macho yao mazima hayakuwasaidia kuona chini ya maji. Nilipomweleza hayo mzee hakushangaa. Alisema ziwa halijapata kumwonyesha mtu yeyote chini yake.

Nyavu zilitaka ufundi mwingine. Tulifunga kamba nene kutoka mti uliosimikwa ufukoni hadi mahali pa kutega, ikashikiliwa juu na madumu meupe ili wavuvi wengine waione wasiikate. Tulikwenda kuzungumza nao mmoja mmoja, wakakubali. Mtumbwi ukiisha kuifikia kamba hiyo, asiyeona huweza kuuvuta mkono kwa mkono mpaka kwenye wavu wake bila kuuliza mtu. Kuhusu kuwatoa samaki, hakuhitaji mwalimu. Hatari ni ya gogogo, yule samaki mwenye miiba mitatu mikali. Mzee alimfunika kwa kitambaa, akampiga rungu, ndipo akamshika.

Siku moja shemeji alileta wavu mpya, akisema ameupata kwa bei nafuu. Mzee aliingiza ncha za vidole katika matundu, akageuza, akajaribu mahali pengine, akaurudisha. "Huu utatupeleka polisi," akasema. "Unavua watoto." Sisi watatu wenye macho tuliokuwapo hatukuwa tumeona neno.

Sauti ya kurudia ndiyo iliyotushinda kwa muda. Redio haikufaa, kwa kuwa upepo huila. Mwisho nikakumbuka kengele ya shule niliyoipiga kwa miaka: ringi ya gurudumu la lori. Tukaitundika kwenye mti ufukoni, na mjukuu wa mzee, msichana wa miaka kumi, akapewa kipande cha chuma. Alipaswa kupiga mapigo matatu, anyamaze kwa muda wa kuhesabu ishirini, apige tena. Bibi yake akasema atakaa naye hapo chini ya mti. Hakusema kuwa amekubali safari. Alisema tu kuwa mtoto asikae peke yake karibu na maji yenye mamba.

Tarehe 1 Machi 2018 uvuvi ulifunguliwa. Tuliwaachia wenye haraka siku tano za kwanza, kisha mtumbwi wetu ukaingia majini, na kila mtu ndani yake amevaa jaketi la kujiokolea. Mzee alipanda ungali nusu pakavu, ukasukumwa, ili asitie miguu majini. Siku hiyo walipata perege wanne na kambare mmoja. Nimeona watu wakishangilia mavuno makubwa kuliko hayo kwa furaha ndogo zaidi.

Katika juma la tatu mvua iliwakuta. Mvua za Machi huku hushuka kama pazia. Kutoka ufukoni tuliwaona, halafu hatukuona hata madumu ya karibu. Shemeji alinieleza baadaye kwamba yeye, mwenye macho, hakujua tena nchi kavu iko upande gani, na kwamba aliona aibu kusema. Mzee alimwambia aache kupiga kafi, anyamaze. Wakanyamaza. Mvua ilipiga maji, maji yakapiga mbao, na katikati ya kelele hiyo mzee akageuza shavu mara mbili, akasema, "Kisu. Kidogo. Hapo." Chini ya mti bibi alikuwa amempokonya mjukuu chuma na alikuwa akipiga ringi kwa nguvu zake zote, bila kuhesabu ishirini wala kumi. Walitua hatua kama hamsini kutoka mahali walipoondokea. Mwanamke yule hakumkimbilia mumewe. Aliuliza kama samaki wamelowa, tukacheka wote, naye akaketi akalia.

Sisemi kwamba kila asiyeona apelekwe ziwani. Aliyepofuka utotoni na asiyepata kukaa katika mtumbwi anahitaji muda mrefu zaidi. Asiyejua kuogelea abaki ufukoni mpaka ajifunze, awe na macho au asiwe nayo. Na hakuna anayepaswa kwenda peke yake. Polisi na maofisa wa uvuvi mtakaomkuta mtu wa namna hii majini, mwulizeni leseni na jaketi kama mnavyomwuliza mwingine yeyote. Msimburute pwani kwa huruma.

Palikuwa na ugomvi mmoja zaidi, nao ulikuwa wa mgawo. Katika majuma ya kwanza shemeji alimletea dada yake samaki jioni, wengi na wazuri, akisema ni zawadi kwa mzee. Mzee alivumilia, kisha akaniita niwe shahidi. "Zawadi nimepokea za kutosha tangu nivuke mpaka," akasema. "Hapa ufukoni samaki hugawanywa mafungu matatu: la mtumbwi, la mshika usukani na la mvutaji. Mimi ni mvutaji. Nipe fungu." Shemeji alidhani ametukanwa. Alisema amempa zaidi ya fungu. Mzee akajibu kuwa hilo analijua, na kwamba siku samaki watakapokuwa wawili tu, yeye atachukua fungu lake la wawili, hata likiwa kichwa. Mabishano yalikwenda mpaka usiku, kwa heshima zote za mashemeji, nami nikaandika mgawo huo katika daftari kama walivyotaka. Kwa maoni yangu daftari lile lilikuwa na thamani kuliko kamba na ringi.

Katikati ya mwaka 2018 jina la mzee lilitokea katika orodha ya wanaohamia Mantapala, makazi mapya yaliyofunguliwa Januari mwaka huo, ambako familia zilipewa viwanja na ardhi ya kulima. Mantapala iko ndani, mbali na ufuko. Mkewe alifurahi, kwa kuwa nyumba ni bora kuliko hema. Mzee hakubisha. Alichukua mshipi wenye mafundo, akisema utamfaa kupimia matuta ya mihogo, na kweli nilipomtembelea mwaka uliofuata nilikuta kamba imekazwa kutoka mlangoni hadi shambani, na matuta yamenyooka.

Kiti chake cha mbele katika mtumbwi hakikukaa kitupu. Katika kijiji cha shemeji kulikuwa na kijana aliyesoma shule ya wasioona ya St. Mary's huko Kawambwa, naye tangu amalize alikuwa akikaa barazani kwa mama yake. Alikuwa akija kutusikiliza tangu siku za mchangani, hasemi neno. Mzee alimpa gunzi la ndoana kabla ya kupanda basi. Marufuku ya mwisho wa mwaka ilipofika, kijana akawa ndani ya mtumbwi uliolala pakavu, na shemeji amesimama nyuma yake akipaza sauti, "Kisu! Chambo!"

Ringi bado imetundikwa. Siku hizi hupigwa na yeyote aliye karibu mvua inapoanza, kwa ajili ya mitumbwi yote.